Kijapani Bila Bando: Jibu kwa Wanaobeza Kadi za Simu

Kadi za maneno ni chombo cha siku nyingi kilichohamia kwenye simu janja. Mbele huandikwa neno au herufi ya Kijapani, nyuma huandikwa matamshi na maana. Mwanafunzi hutazama upande wa mbele, hujitahidi kukumbuka, kisha hufunua nyuma na kujipima kama amepata au amekosa. Katika Anki, programu iliyotengenezwa na Mwaustralia Damien Elmes na kutolewa mwaka 2006, vitufe vya kujipima ni vinne: tena, ngumu, vizuri, rahisi. Kadi iliyokosewa hurudi baada ya dakika chache. Iliyopatikana hupewa mapumziko ya siku, kisha ya wiki, kisha ya miezi. Hesabu yote hiyo hufanywa ndani ya simu yenyewe. Kadi zikishapakuliwa mara moja, data inaweza kuzimwa mwezi mzima na masomo yakaendelea kama kawaida, iwe huko Ludewa au ndani ya basi la usiku liendalo Mombasa.

Njia hii ina wapinzani wengi, na maoni yao ndiyo yanayotawala panapozungumzwa habari za kujifunza lugha za kigeni. Husemwa kwamba kadi ni kukariri tu, na aliyekariri hajaelewa. Husemwa kwamba simu isiyo na intaneti ni saa na tochi, kwani masomo ya kweli siku hizi yako kwenye video, madarasa ya mtandaoni na akili unde ya kuzungumza nayo. Tena husemwa kwamba lugha hujifunzwa kwa kuizungumza, kwa hiyo asiye na Mjapani wa kuongea naye asubiri mpaka ampate. Madai haya matatu huja pamoja, na kwa mtu aliyesoma Kiingereza au Kifaransa shuleni yana sura ya busara. Kwa Kijapani hayasimami, na anayeumia kwa kuyaamini ni mwanafunzi mwenye simu ya bei nafuu na bando la kuhesabu.

Yafaa kwanza kuitazama lugha yenyewe inadai nini. Kijapani huandikwa kwa mifumo mitatu inayochanganywa ndani ya sentensi moja. Hiragana ina herufi za msingi 46, katakana nayo 46, na juu yake zipo kanji, herufi zenye asili ya China. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa na serikali ya Japani mwaka 2010, ina kanji 2,136. Mtoto wa Kijapani hufundishwa 1,026 kati ya hizo katika miaka sita ya shule ya msingi, naye huingia darasa la kwanza akiwa tayari anaizungumza lugha. Mgeni huanza bila kimoja wala kingine.

Wala kanji haina usomaji mmoja. Herufi 生, ambayo mwanafunzi hukutana nayo wiki za mwanzo kabisa, ndani ya 先生 (sensei, mwalimu) husomwa sei. Ndani ya 一生 (isshō, maisha yote) husomwa shō. Katika 生まれる (umareru, kuzaliwa) ni u, katika 生きる (ikiru, kuishi) ni i, na ikisimama peke yake kwa maana ya kitu kibichi ni nama. Hakuna kanuni ya sarufi inayomwezesha mtu kukisia kwa uhakika usomaji upi unakwenda wapi. Kuhesabu nako kuna mambo yake: penseli moja ni ippon, mbili nihon, tatu sanbon, ilhali karatasi moja ni ichimai. Mswahili aliyezoea ngeli hashangazwi na wazo la kuhesabu vitu kwa makundi. Hata hivyo lazima ajue kwamba sauti inageuka kutoka pon hadi hon hadi bon, na hilo hakuna maelezo ya mwalimu yatakayomwingizia kichwani kwa siku moja.

Hapa ndipo lawama ya kukariri inapoanza kupoteza nguvu. Elimu ya kukariri inalaumiwa Afrika Mashariki kwa haki kabisa. Mwanafunzi anayeandika fasili ya usanisinuru neno kwa neno, asijue jani linaufanyia nini mwanga wa jua, amedanganywa na shule yake. Palikuwa na jambo la kueleweka, na maneno yamekalia nafasi yake. Lakini neno inu halina jambo lililofichwa nyuma yake. Linamaanisha mbwa kwa sababu Wajapani wanalitumia hivyo, basi. Mtoto wa Osaka alilipata kwa kulisikia mara nyingi mno pasipo kujitaabisha. Mtu mzima wa Morogoro hana wa kumsemea inu kila asubuhi, kwa hiyo lazima atafute mahali pengine pa kulipatia marudio hayo. Kumwambia aelewe badala ya kukariri ni kumpa shauri lisilotekelezeka.

Tena uelewa wenyewe hutoka kwenye akiba. Anayejua kanji 20 huona michoro 20. Anayejua 500 huanza kuona ukoo: 青 (bluu) husomwa sei, na hiyo sei hujitokeza katika 清 (safi), 晴 (anga lisilo na mawingu), 静 (utulivu) na 精 (nguvu, roho). Sehemu moja ya herufi inabeba sauti, nyingine inadokeza maana: maji katika ile ya kwanza, jua katika ile ya pili. Mpangilio huu unaweza kuelezwa ubaoni kwa dakika tano, lakini hauna faida kwa asiye na herufi za kuupangia. Anayepinga kukariri kwa jina la uelewa anakata mzizi wa kile anachokitaka.

Mwambao wa Afrika Mashariki hauhitaji kufundishwa hili na wageni. Katika vyuo vya Kurani mwanafunzi wa hifdhi hapokei somo jipya tu. Hudurusu za jana, na juzuu alizohifadhi zamani huzirudia kwa zamu ili zisimtoke. Mwalimu anayejua kazi yake husikiliza mwanafunzi akisoma bila kutazama, maana kusoma huku macho yako kwenye msahafu hakuonyeshi kilichobaki kifuani. Mambo mawili yamo humo: kurudia kwa vipindi, na kulazimisha kumbukumbu itoe jibu bila msaada. Programu ya kadi imejengwa juu ya mawili hayohayo.

Maabara nazo zimethibitisha. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1885, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana. Akaona kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, saa na siku za mwanzo, kisha kasi hupungua. Na kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa yanahitaji jumla ndogo kuliko yaliyorundikwa siku moja. Utafiti unaowahusu wasomaji wa Kiswahili kwa karibu zaidi ni wa mwaka 2008, uliochapishwa katika jarida la Science na Jeffrey Karpicke na Henry Roediger. Wanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani walipewa jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza; mashua lilikuwa mojawapo. Kiswahili kilichaguliwa kwa kuwa kwao kilikuwa kigeni kabisa, kama Kijapani kilivyo kigeni kwa mtu wa Tabora.

Wote walijifunza maneno hayo mpaka wakayapata. Tofauti ilikuja baada ya hapo. Kundi moja, neno likishapatikana, liliendelea kuulizwa neno hilo tena na tena. Kundi jingine liliendelea kulisoma lakini halikuulizwa tena. Baada ya wiki moja walioulizwa walikumbuka takriban asilimia 80 ya maneno. Walioendelea kusoma bila kuulizwa walikumbuka asilimia 36 hivi. Kusoma zaidi hakukuongeza chochote cha maana. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba wanafunzi wenyewe, walipoambiwa watabiri, makundi yote yalitabiri kukumbuka kama nusu. Hawakuhisi tofauti iliyokuwa inakuja. Ndiyo maana maoni yaliyoenea kuhusu njia za kujifunza hayawezi kuchukuliwa kuwa ushahidi: mtu anayepitia orodha ya msamiati kwenye daftari mara kumi huona anaendelea vizuri, na hisia hiyo ndiyo inayomponza.

Kilichobaki ni kujua lini neno liulizwe tena, na hilo lilishughulikiwa kabla simu janja hazijakuwapo. Mjerumani Sebastian Leitner, katika kitabu cha mwaka 1972, alieleza namna ya kuhamisha kadi za karatasi kutoka sanduku hadi sanduku kadiri zinavyopatikana. Piotr Woźniak wa Poland aliiweka hesabu hiyo katika programu ya kompyuta mwaka 1987. Kwa kanuni yake, kadi inayopatikana vizuri kila mara hurudi baada ya siku 1, kisha 6, kisha 15, kisha 38, kisha 94 hivi. Ukijumlisha, neno limeonwa mara sita katika miezi mitano, na safari inayofuata litakaa zaidi ya miezi saba bila kuguswa. Neno gumu litarudi mara nyingi zaidi, jepesi mara chache, kila moja kwa ratiba yake. Anki ilianza na kanuni iliyotokana na hiyo. Tangu mwaka 2023 imeongezewa nyingine, FSRS, inayojirekebisha kwa kumbukumbu za mtumiaji mwenyewe. Hakuna mwalimu mwenye darasa la watu 30 anayeweza kumfuatilia kila mmoja neno kwa neno kiasi hicho, na hakuna anayepaswa kudaiwa hivyo.

Hesabu ya muda inashangaza kwa udogo wake. Kadi moja ikichukua sekunde 8, kadi 100 hazifiki robo saa. Anayeongeza kanji 6 mpya kwa siku atakuwa ameipitia orodha yote ya kanji 2,136 katika siku 356. Kuipitia si kuimiliki, na wengi watahitaji muda mrefu zaidi. Lakini kazi inayotajwa kama mlima usiopandika inagawanyika hadi kutosha kwenye foleni ya benki.

Dai la pili, kwamba bila intaneti simu haifundishi, linatokana na kuchanganya namna ya kupata vifaa na namna ya kujifunza. Kinachohitaji intaneti ni kupakua. Programu inayotunza kadi kwenye Android, AnkiDroid, ni ya bure; toleo rasmi la iPhone hulipiwa mara moja. Seti ya kadi zenye maandishi matupu ni faili dogo linaloweza kurushwa kwa bluetooth kutoka simu hadi simu, wawili wakiwa wameketi benchi moja. Zenye sauti ni kubwa, mara nyingine mamia ya megabaiti, lakini nazo hupakuliwa siku moja penye Wi-Fi na kumalizika. Kamusi nayo ipo: kazi aliyoianza Jim Breen nchini Australia mwaka 1991 imezaa kamusi huria ya Kijapani yenye maingizo zaidi ya laki moja, na programu kama Takoboto huiweka yote ndani ya simu. Irodori, vitabu vya Kijapani cha maisha ya kila siku vinavyotolewa na Japan Foundation, hupatikana bure pamoja na sauti zake. Mwanafunzi mwenye vitu hivi vitatu amebeba shule mfukoni, na hakuna hata kimoja kinachomdai bando kesho asubuhi.

Kuna la ziada, ambalo wapinzani hawaligusi. Data ikizimwa, ujumbe hauingii. Robo saa ya kadi inahitaji kichwa kisichokatizwa, kwa sababu kila kadi ni jaribio dogo la kumbukumbu, na jaribio linalokatizwa na picha ya harusi ya jirani limekwisha kabla ya kuanza. Video za kufundisha Kijapani zina uzuri wake, lakini hukaa palepale penye video nyingine elfu zinazomwita mtu. Mwenye kuzima data kwa kukosa pesa na mwenye kuizima kwa hiari wanapata utulivu uleule. Wanaosema kwamba mwanafunzi wa kijijini hawezi kuanza mpaka mtandao umfikie wanamchelewesha bure.

Kwa dai la tatu, ni kweli kwamba lugha ni ya kuzungumzwa. Kadi hazifundishi kupokezana maneno, kukatiza kwa adabu, wala kujua lini kukaa kimya, na Kijapani kina mengi ya aina hiyo. Anayedai kwamba kadi peke yake zitamfanya mtu azungumze anadanganya. Lakini wapinzani hawasemi hivyo tu. Wanasema mazungumzo yaje kwanza, na msamiati utafuata wenyewe. Utafiti wa usomaji unakataa. Kwa msomaji wa Kiingereza kama lugha ya kigeni, Batia Laufer mwaka 1989 aliona kwamba lazima ajue kama asilimia 95 ya maneno ya matini ndipo aielewe kwa kiasi cha kuridhisha. Marcella Hu na Paul Nation mwaka 2000 walipandisha kiwango hadi asilimia 98 kwa anayesoma bila msaada. Hiyo ni sawa na neno moja geni katika kila maneno 50. Chini ya hapo mtu hakisii maana kutokana na muktadha, kwa sababu muktadha wenyewe umejaa maneno asiyoyajua. Kwenye mazungumzo ni shida zaidi, maana hapana nafasi ya kurudi nyuma ya mstari. Mwanafunzi mwenye maneno 100 akikutana na Mjapani atasalimia, atataja jina lake na nchi yake, kisha wote wawili watahamia Kiingereza. Mwenye 2,000 ana la kuuliza.

Tena milango mingi ambayo Kijapani hufungua hupimwa kwa vitu ambavyo kadi huvijenga. Mtihani wa lugha ya Kijapani wa JLPT, ulioanza mwaka 1984 na wenye ngazi tano tangu 2010, hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza. Sehemu ya kuzungumza haimo. Nairobi ni mojawapo ya miji ya Afrika ambako mtihani huo hufanyika. Tangu Aprili 2019 Japani imekuwa na kibali cha kazi kwa wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na kwa kawaida mwombaji hutakiwa awe na ngazi ya N4 ya JLPT au afaulu mtihani mwingine wa kiwango hicho. Anayepata ufadhili wa serikali ya Japani kwa shahada ya kwanza hupelekwa mwaka mzima wa lugha kabla ya chuo. Atakayefika huko akiwa na hiragana na katakana zote na kanji mia kadhaa kichwani ataanza mwaka huo kwa kuzungumza. Asiye nazo ataanza kwa kuandika あ mara hamsini.

Wapinzani wanapowataja watu walioshindwa kwa kadi, wanasema kweli. Wapo, na ni wengi. Sababu zao zinajulikana, na zinatokana na matumizi. Ya kwanza ni pupa. Anki huja imepangwa kutoa kadi mpya 20 kwa siku, na mgeni akipandisha hadi 50 kwa furaha ya wiki ya kwanza, marudio humrundikia hadi mamia kwa siku. Akikosa siku tatu, rundo humkatisha tamaa, naye hufuta programu. Kadi mpya 8 au 10, kila siku bila kukosa, zinafika mbali kuliko 50 za wiki mbili. Ya pili ni kuandika Kijapani kwa herufi za Kilatini pande zote mbili za kadi. Anayefanya hivyo anaahirisha kusoma, na analizoesha jicho lake kisicho Kijapani. Hiragana na katakana zishikwe mwanzo, kisha Kilatini kiondoke.

Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: neno tupu. Kadi yenye 取る upande mmoja na "kuchukua" upande wa pili haifai kitu, kwa sababu toru lina matumizi mengi, kuanzia kuchukua chumvi mezani hadi kupata alama katika mtihani. Kadi nzuri hubeba sentensi fupi. 塩を取ってください, shio o totte kudasai, naomba unipatie chumvi: hapo mwanafunzi amepata kitenzi, kijalizo chake, umbo la kuombea na adabu ya kuomba, vyote kwa pumzi moja. Ikiwekwa na sauti ya mzawa, inamzoesha pia urefu wa irabu, jambo ambalo Kijapani hakisamehe: biru ni jengo, bīru ni bia, ojisan ni mjomba au ami, ojīsan ni babu. Irabu tano za Kijapani ni zilezile za Kiswahili, a, i, u, e, o, na silabi nyingi huishia kwa irabu, hivyo kinywa cha Mswahili kina mwanzo mzuri. Urefu ndio wa kuuchunga, na kadi yenye sauti huuchunga bila kuchoka. AnkiDroid ina hata ubao wa kuchorea juu ya kadi: kanji huandikwa kwa kidole kabla ya kufunua jibu, kwa mpangilio wake wa mistari.

Kasoro ya nne ni ya kivitendo. Simu huibiwa, huanguka majini, hufa. Asiyehifadhi nakala hupoteza kadi pamoja na historia yote ya marudio. Kwa asiyetumia intaneti dawa yake ni kutoa nakala ya faili kila mwisho wa wiki na kuiweka kwenye memori kadi au simu ya rafiki.

Kasoro zote hizo zinarekebishika kwa maelekezo ya saa moja. Daftari, kitabu na darasa navyo hushindwa vikitumiwa vibaya, na hakuna anayeamua kwa sababu hiyo kwamba vitabu ni upuuzi. Wajapani wenyewe hawajawahi kuviona vikadi kuwa aibu: vikadi vidogo vya karatasi vilivyotobolewa na kufungwa kwa pete huuzwa huko katika maduka ya vifaa vya shule, na wanafunzi huvipekua ndani ya treni wakijiandaa kwa mitihani ya Kiingereza.

Jambo linalostahili malalamiko kwa dhati ni jingine kabisa. Kadi nyingi zilizo tayari zimeandikwa kwa Kiingereza upande wa nyuma, na kamusi huria iliyotajwa juu haina tafsiri za Kiswahili. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anajifunza lugha ya tatu kupitia ya pili, na njiani anapoteza vitu ambavyo lugha yake ilikuwa navyo. Otōto na imōto kwa Kiingereza hudai maneno mawili kila moja, younger brother na younger sister, wakati Mswahili anayo "mdogo wangu" inayotua mahali pake papo hapo. Otsukaresama, inayosemwa kazini kila jioni nchini Japani, huwasumbua watunga kadi wa Kiingereza. Mtu aliyekua akisema "pole na kazi" hahitaji maelezo. Anayeandika kadi zake mwenyewe kwa Kiswahili hupata faida hiyo mara moja, na kitendo chenyewe cha kuchagua sentensi na kuiandika ni nusu ya kuijifunza.

Malighafi ya kadi hizo iko mitaani. Magari yaliyotumika hushushwa Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na Kijapani ndani na nje. Ukiwasha gari, sauti ya kike hutamka ETC kādo ga sōnyū sarete imasen: kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kasi za Japani, haijaingizwa. Maelfu ya madereva wameisikia miaka nenda rudi bila kuijua. Pembeni mwa mlango hubaki kibandiko cha 交換, kōkan, kubadilisha, kinachoonyesha oili ilimwagwa lini. Muhimu zaidi ni karatasi ya mnada inayotangulia gari. Anayesoma 修復歴, shūfukureki, anajua kwamba hapo panaulizwa kama gari liliwahi kutengenezwa baada ya ajali; akiona あり, ari, ipo, anajua liliwahi. サビ, sabi, ni kutu. 傷, kizu, ni mkwaruzo. Kadi 60 za aina hii zinaweza kumwepusha mnunuzi na hasara ya mamilioni ya shilingi, na fundi wa gereji akazimaliza kwa wiki moja akiwa chini ya mwembe wake, data imezimwa. Atakayemwambia fundi huyo kwamba anakariri tu amwonyeshe kwanza njia nyingine ya kuisoma karatasi ile.

Kwa hiyo walimu wa Kijapani wa Afrika Mashariki waache kuwakatisha tamaa wanafunzi wanaoshika kadi, wachukue nafasi yao katika kuzitengeneza. Wachague sentensi za somo la kwanza, waandike upande wa nyuma kwa Kiswahili sanifu, warekodi sauti, kisha walirushe faili kwa bluetooth kabla darasa halijatawanyika. Saa za darasani zitumike kuzungumza, kusahihishana na kuuliza, kwa kuwa maneno yatakuwa yamekwisha kuingia vichwani njiani. Walionazo tayari wazigawe bure. Na mwanafunzi asiye na mwalimu asimsubiri mtu wala mtandao: hiragana ni kadi 46, na leo anaweza kuanza na tano.